Kakangu Anaua Bata kwa Dawa, na Mimi Ndiye Ninayewabeba

Pokea salamu zangu, Mjomba.

Huwa nasoma safu yako nikiwa stejini nikingoja abiria, nikicheka shida za watu. Leo ni zamu yangu. Ndoa yangu haina tatizo na mama mkwe hanisumbui. Shida yangu ni bata.

Nina miaka 27, naendesha boda. Nyumbani ni Bunyala, magharibi mwa Kenya, kule chini ambako mto Nzoia unakaribia Ziwa Victoria, karibu kabisa na mashamba ya mpunga. Kwetu ndege ni mboga tangu zamani. Babu yetu alikuwa mtegaji aliyejulikana vijiji vitatu. Kware, ambao sisi tunawaita isindu, aliwanasa kwa kware mwenzao: dume ndani ya kikapu, kikapu kwenye ncha ya mti mrefu, na alfajiri dume akianza kuita, wa porini wanashuka kwenye nyasi zenye matanzi. Bata aliwategea kando ya maji kwa singa za mkia wa ng'ombe. Na alikuwa na masharti yake. Akiona vifaranga wanafuata wazazi wao majini, matanzi yanang'olewa siku hiyo hiyo, hata kama nyumbani tutakula mrenda wiki nzima. Ndege kulala kwenye tanzi usiku kucha ilikuwa aibu, kama kuacha ng'ombe bila kumkama. Wakinaswa sita na mboga ya siku ni wawili, wanne wanaachiliwa. Mimi na kakangu mkubwa tulijifunza hayo tukiwa wadogo, tukimbebea kikapu.

Kaka siku hizi hategi. Anatumia dawa, punje za rangi ya zambarau anazouziwa kwa kificho kwenye karatasi ya gazeti. Anazichanganya na mpunga uliolowekwa kisha anamwaga jioni pale bata wanaposhuka kulisha usiku, wale wenye uso mweupe wanaopiga mluzi. Korongo nao anawawekea konokono waliopakwa dawa hiyo hiyo.

Nilikuwa najua, lakini nilikuwa sijaona. Mwezi wa tatu aliniita nifike shambani mapema kwa sababu mzigo ulikuwa mkubwa. Kulikuwa hakujapambazuka vizuri. Bata walikuwa wametapakaa kwenye maji kama viatu baada ya mafuriko. Mmoja alikuwa hajafa. Anainua kichwa, kinaanguka majini, anakiinua tena, ute unamtoka mdomoni mrefu kama uzi. Mwenzake alikuwa amesimama kando yake akipiga ule mluzi wao, hataki kuruka hata tulipofika. Kaka alimwokota yule mgonjwa akamtia guniani akiwa bado anapumua. Mimi nilishika mdomo wa gunia.

Mbele kidogo niliona korongo mweusi, wale ambao mdomo wao haufungi katikati. Alikuwa amefungwa mguu kwenye kigingi, manyoya ya mabawa yamekatwa, na kope zake zimeshonwa kwa uzi wa nailoni. Mishono mitatu jicho la kushoto, miwili la kulia. Kaka alisema hivyo ndivyo anavyotulia. Akiona watu anapapatika na wenzake angani wanashtuka. Akitulia, wanadhani kuna amani, wanashuka kula konokono.

Mimi napeleka magunia sokoni, upande wa Siaya. Shilingi 300 kwa safari. Jioni ndege wanachomwa vibandani na watu wanakula na ugali. Kaka anasema hakuna neno, dawa hukaa kwenye utumbo, na utumbo unatupwa. Utumbo huo ndio uliomuua mbwa wetu. Alikufa mlangoni pa mama, miguu ikipiga kama anayekimbia.

Nilipomwambia kaka kwamba babu asingekubali, alicheka. Alinionyesha video aliyotumiwa na binamu yetu aliye Marekani. Huko wanaume wazima wanajificha kwenye matete, wameweka bata wa plastiki majini na wanapiga filimbi inayolia kama bata. Kaka akasema, "Mzungu akimdanganya bata ni mchezo, mimi nikimdanganya ni dhambi?" Sikuwa na jibu. Akaongeza kwamba bata hana mwenyewe, anakula mpunga wa watu, na kufa ni kufa.

Baba alifariki nikiwa kidato cha kwanza. Kaka aliacha shule akanilipia karo miaka minne, na sehemu ya karo hiyo ilikuwa ndege. Hata mkopo wa boda hii alinidhamini yeye. Nitamwambiaje mtu huyo kwamba pesa yake inanuka?

Nakuuliza, Mjomba: kuna uwindaji wa haki kweli, au ni maneno ya walioshiba? Nikirudia matanzi ya babu nitakuwa safi? Na je, nimripoti kakangu?

Ni mimi,
Mbeba Gunia, Bunyala

Mpwa wangu Mbeba Gunia,

Umeniuliza maswali matatu, nami naanza na lile ambalo hukuniuliza. Usibebe tena. Usingoje mpaka mzungumze na kaka, wala mpaka mkopo uishe. Safari ya kesho alfajiri usiende, na ikibidi toa plagi kwenye pikipiki useme imegoma.

Punje za zambarau unazozieleza zinafanana na kabofurani. Ni dawa ya wadudu, ile iliyotumiwa kuua simba nchini hadi mwaka 2009 kampuni ya Marekani iliyoitengeneza ikaanza kuinunua tena kutoka madukani Kenya. Mwaka huo huo serikali ya Marekani iliamua kwamba mabaki yake yasiruhusiwe kwenye chakula hata kidogo. Punje moja inatosha kumuua ndege mdogo. Mimi niko Kisumu, siwezi kuipima hiyo ya kwenye gazeti, lakini yule bata wako alinisomea dalili zake. Dawa za ukoo huo hushika mishipa ya fahamu. Mshipa ukiuamuru msuli ukaze, amri haifutiki. Msuli unakaza, unatetemeka, kisha unachoka. Mate yanatoka bila breki. Mboni za macho zinakuwa ndogo kama ncha ya sindano. Misuli ya kupumua nayo ikichoka, basi. Mbwa wenu aliyekufa akipiga miguu hakuwa anaota anakimbia.

Na hili la utumbo, mkumbushe kaka yule bata alivyoshindwa kuinua kichwa. Shingo si tumbo. Dawa ilifikaje kwenye shingo na mabawa? Ilibebwa na damu, na damu ndiyo iliyolowesha nyama yote inayochomwa kibandani. Makaa hayaiondoi kwa namna ambayo mtu mwenye akili ataitegemea. Anayekula paja moja huenda asianguke. Ataumwa kichwa, atatoka jasho, tumbo litamkata, ataharisha, atasema ni malaria au ni chang'aa ya jana. Mtoto wa miaka mitatu akila paja hilo hilo hesabu inabadilika, maana mwili ni mdogo na dozi ni ile ile.

Kwa hiyo leo, kabla ya jambo jingine, wape habari wenye vibanda. Unawajua, wewe ndiye uliyewapelekea. Kama kuna aliyekula na sasa anatokwa na mate, anatetemeka au anapumua kwa shida, apelekwe hospitali mara moja na msione haya kutaja dawa. Bebeni ile karatasi ya gazeti na punje zilizobaki, zikiwa zimefungwa vizuri. Hospitali ina atropini ya kupambana na sumu hii, lakini daktari anayedhani anatibu malaria hataitoa. Na nina swali la kando: kaka analoweka mpunga wake katika sufuria gani? Kama ni ya shemeji yako, isirudi jikoni tena. Mikono yake mitupu inayokoroga nayo inakunywa dawa kupitia ngozi.

Tuje kwa video ya binamu.

Kaka alikushinda kwa sababu nyote wawili mlionyeshwa sinema kuanzia katikati. Marekani walipitia kila kitu anachofanya kaka, tena kwa ustadi kumshinda. Kulikuwa na njiwa huko, njiwa wasafiri, makundi yao yakipita jua linafunikwa kwa saa nzima na zaidi. Wawindaji wa soko walichukua njiwa mmoja aliye hai, wakamshona kope kwa uzi, wakamfunga kwenye kijiti kinachoinuliwa na kushushwa kwa kamba. Kijiti kikishuka, njiwa kipofu anapapatika kama anayetua penye chakula. Wenzake wanamfuata, wavu unaanguka. Mishono mitatu kushoto, miwili kulia. Niliposoma mstari huo wa barua yako niliweka simu chini nikatoka nje.

Walimwaga na nafaka iliyolowekwa kwenye pombe, ndege walewe waokotwe kwa mkono. Wa mwisho wa njiwa hao, jike aliyepewa jina Martha, alikufa tarehe 1 Septemba 1914 katika bustani ya wanyama ya Cincinnati. Huwa najiuliza ni nini hasa kilichowamaliza, maana watu walikuwa wamewanasa njiwa hao miaka mingi kabla ya hapo na bado makundi yalifunika jua. Misitu yao ilikatwa, ndiyo, lakini pia reli ilifika. Kabla ya reli, mtegaji alinasa wanaoliwa kwake na kwa majirani. Reli ilipofika, mapipa ya njiwa yalisafiri hadi miji mikubwa na pesa ikarudi, na hakukuwa tena na kiasi ambacho mtu angesema hiki kinatosha.

Mpwa, katika kisa chenu reli ni wewe. Babu alikomea kwenye mboga ya siku kwa sababu ya moyo wake, sikatai, lakini pia alikuwa na miguu miwili na kikapu kimoja. Kaka ana pikipiki ya kubeba magunia mawili mpaka Siaya kabla ya saa mbili asubuhi. Bila boda, sumu yote ile ingempa ndege wa kuoza.

Bata nao walipata yao huko. Wawindaji wa soko walifunga kwenye mashua bunduki ndefu kumshinda mtu, wakawanyemelea usiku wakiwa wamelala majini, na mlio mmoja ukaangusha makumi. Ndipo sheria zikaanza kuja. Ya mwaka 1918 ilikomesha kuuza ndege wa kuhama na kuwawinda majira ya kuzaliana. Kuanzia mwaka 1934 kila mwindaji wa bata mwenye miaka 16 au zaidi hununua stempu, na fedha zake hununua na kutunza maeneo ya maji. Mwaka 1935 wakakataza mambo mawili ambayo kaka anadhani bado yanafanyika kwa Mzungu: kutumia bata hai kama chambo, na kumwaga nafaka ili kuwavuta. Mwaka huo huo bunduki ikawekewa kizuizi isibebe zaidi ya risasi tatu. Tangu mwaka 1991 hawaruhusiwi kutumia risasi za madini ya risasi kwa bata nchi nzima, kwa sababu zinazozama matopeni bata huzimeza kama changarawe na kufa polepole. Yaani walifika hadi kumhesabia yule bata aliyekoswa.

Kwa hiyo bata wa plastiki wa binamu yenu ndiye aliyebaki baada ya yote hayo kukatazwa. Anamdanganya bata, sibishi. Lakini bata anakuja, anazunguka mara mbili juu ya matete, anaona uso wa mtu umeng'aa au plastiki haitikisiki na upepo, anageuka anakwenda zake. Binamu hawezi kukutumia video za asubuhi anazorudi na chupa ya chai tupu na vidole vya barafu, maana hazichekeshi. Wenye dhamiri kati yao hawampigi bata aliyetulia majini. Husubiri awe angani. Hawapigi wa mbali kwa kubahatisha, kwa sababu atakayejeruhiwa atakufia kwenye matete. Wakimjeruhi wanamtafuta kwanza kabla ya kupiga mwingine, na wasipompata wengi wao humhesabu kwenye idadi yao ya siku. Hata leo wanagombana wao kwa wao. Kuna bata wa plastiki wenye mabawa yanayozungushwa na betri, na baadhi ya majimbo yaliwahi kuwakataza kwa sababu bata walikuwa wanavutwa kupita kiasi.

Neno lenyewe la uwindaji wa haki lilipewa nguvu na klabu iliyoanzishwa mwaka 1887 na Theodore Roosevelt, aliyekuja kuwa rais. Usidhani alikuwa mtakatifu. Ndiye huyo aliyepita hapa Kisumu Desemba 1909 akivuka ziwa kwenda Uganda, na katika safari yake ya Afrika yeye na mwanawe walipiga wanyama 512. Maana waliyoiweka ni kwamba mwindaji asijipatie nguvu inayomnyima mnyama nafasi halisi ya kuponyoka. Mimi naielewa kwa bata wako. Wa binamu ana nafasi ya kukataa. Kwa babu pia alikuwa nayo. Bata mjanja huona tanzi akakwepa, na akinaswa bado kuna mzee anayekuja jioni ambaye anaweza kumfungua. Mpunga wa kaka una harufu na ladha ya mpunga. Bata ameshakufa kabla hajajua kwamba kuna mashindano.

Wala si bata peke yake. Wahenga walisema mtego wa panya huingia waliomo na wasiokuwamo, lakini mtego wa panya angalau una mlango mmoja. Punje zilizomwagwa kwenye maji ya mfereji wa mpunga hazina mlango. Humo wamo kuku wa jirani, mwewe aliyemla bata aliyelegea, mbwa wenu, na bata waliotoka Urusi na Ulaya kuanzia Oktoba kukimbia baridi na kukuta karamu ya kaka.

Kuhusu kwamba bata anakula mpunga wa watu: ni kweli, na mwenye shamba ana haki ya kulalamika. Kwa hilo tuna kazi yenye jina tangu enzi, kuamia ndege. Dungu linajengwa, kijana anakaa juu na kombeo na debe la kugonga, analipwa. Kaka anayajua makundi hayo yanashuka saa ngapi na upande gani wa upepo. Huyo ndiye mtu wa kuajiriwa na wenye mashamba. Kinachoniambia kwamba kaka hawalindii mpunga ni kwamba anawamwagia mpunga waje.

Sasa matanzi ya babu. Najua ulitaka nikubariki urudi nayo. Siwezi. Kenya ilipiga marufuku uwindaji wa wanyama mwaka 1977, na sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kuwinda kwa mchezo, kwa kitoweo na kwa biashara. Waweza kusema sheria hiyo haikumfikiria mzee wa Bunyala na singa zake za ng'ombe, nami nitakusikiliza mpaka chai ipoe, lakini ndiyo sheria. Nami nina wasiwasi mwingine. Bata wenye uso mweupe hukaa wawili wawili. Dume na jike huatamia kwa zamu na kulea pamoja. Yule uliyemwona akipiga mluzi bila kuruka huenda alikuwa na sababu. Enzi za babu, jozi moja ikivunjika zilikuwepo nyingine nyingi na matete ya kutosha. Sasa sehemu kubwa ya matete imekuwa mashamba. Masharti ya babu yaweke. Matanzi yapumzike.

Tumebaki na kaka.

Karo uliyolipiwa ni deni, na deni la namna hiyo halilipwi kwa kushika mdomo wa gunia. Usimwambie pesa yake inanuka. Mwambie umeogopa. Mwambie mbwa alikufa mlangoni pa mama na kesho anaweza kuwa mtoto wake mwenyewe, anayeshika nguo baba alizotoka nazo shambani. Nenda usiku huu, usiende peke yako: mchukue mama, na kama mna mjomba wa damu aliye karibu naye aje, maana kwetu magharibi neno la mjomba mtu mzima halibishii ovyo. Shemeji asiachwe nje ya mazungumzo hayo. Sufuria ni yake. Punje zilizobaki zisimwagwe mtoni wala zisichomwe. Zikabidhiwe kwa afisa wa kilimo, naye ataijulisha bodi inayosimamia dawa za mimea, maana anayeziuza kwenye gazeti ana wateja wengine.

Kaka akikubali, msaidie kwa pesa, si kwa sifa. Zile shilingi 300 ulizokuwa ukipata, sasa wewe umlipe yeye kidogo kidogo mpaka asimame. Kuna atakayemshauri afuge kware. Nakumbuka mwaka 2014, yai moja la kware lilivyofika shilingi 100 na watu wakauza ng'ombe kununua ndege, kisha soko likafa na mayai yakakosa wa kuyala. Bata wa kufuga wana kelele kidogo za soko lakini wanaliwa kila siku. Japani kuna wakulima wanaowaachia bata kwenye mpunga ulioshika mizizi. Wanakula magugu na wadudu, wanatia mbolea, kisha wanauzwa. Kaka akiwa na bata wake thelathini ndani ya mfereji ule ule, atakuwa wa kwanza kumkamata mtu mwenye punje za zambarau.

Akikataa, na ukamwona anatoka tena jioni na kopo lake, nenda siku hiyo hiyo kwa afisa wa afya na kwa KWS, shirika la serikali la wanyamapori. Umwambie kabla ya kwenda kwamba unakwenda. Atakukasirikia, labda miaka mingi. Ingekuwa ni bata pekee ningekwambia ongea naye tena na tena, lakini wanaokula vibandani hawakuulizwa.

Na yule korongo, kama bado yu hai, msimwachilie hivyo hivyo. Manyoya yaliyokatwa hayarudi mpaka yabadilike yenyewe, na mpaka hapo hawezi kuruka. Mfunikeni kitambaa kichwani atulie, mmoja ashike mdomo na mwingine mabawa, mumtie kwenye kapu pana lenye hewa na mumpeleke kwa maafisa wa KWS wenye daktari wa wanyama, uzi utolewe na anayejua. Kaka ndiye aende naye. Njiani akiulizwa ni nani aliyemshona, ajibu mwenyewe.

Mjomba